Pimbi, Nyani na Kibao cha Hema

Hadithi inapita!

– Ipite na kwetu!

Imebeba nini?

– Imebeba uongo!

Uongo wa nani?

– Wako, Sefania!

Ahsanteni. Mmefika mchana huu tu na tayari mnanijua. Sogeeni basi. Maharage hayajaiva kwa sababu kuni ni mbichi, na kuni ni mbichi kwa sababu nilizikata mimi. Mwaka wa tisa huu natunza kambi ya msitu wa Lukundo, na hadi leo nikiwasha moto, moto unanitazama kwanza. Tulidanganye tumbo kwa hadithi.

Hapo zamani, si zamani sana, masika ya mwaka juzi, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua? Mfupi, mnene, anapenda kuota jua, kazi haitaki. Mnacheka nini? Nimesema Pimbi, sikusema Sefania.

Pimbi huyo alikuwa mama wa watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa mawe manne yaliyoegemeana, pale juu penye mkuyu, njia inapoingilia kambini. Mvua ikinyesha, ndani haliingii hata tone.

Na palikuwa na Nyani. Dume zima. Kifua hivi, meno hivi. Wageni wakifungua mkate, Nyani huyo. Wageni wakimenya yai, Nyani huyo. Wageni wakifunga zipu ya hema, Nyani anaifungua, zrrrip, anaingia mikono mitupu na kutoka na mfuko wa sukari. Siku moja aliondoka na suruali yangu. Aliinusa, akaitupa. Kuibiwa nilivumilia, ila kule kutupwa kuliniuma.

Basi Nyani akagundua kwamba pale penye mkuyu mtu akikaa anaziona meza zote za wageni. Akaja, akayaegemea mawe ya Pimbi kwa bega. Jiwe la kwanza, biringi biringi biringi, chubwi, mtoni. Jiwe la pili, biringi biringi biringi, chubwi, mtoni. La tatu hivyo hivyo. La nne hivyo hivyo. Akabaki na uwanja mweupe, akakaa, akajikuna.

Pimbi akaja, watoto nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Hapo ulipokaa ni nyumbani kwangu."

"Palikuwa," Nyani akasema.

"Wanangu watakaa wapi? Masika hayo yanakuja."

"Waambie waote manyoya marefu."

Pimbi akageuka. Akawachukua watoto, akawaficha chini ya rundo la kuni zangu, kuni zile zile mbichi, zinazovuja. Mlimani mawingu yalikuwa yameanza kupangana. Mtoto wa pimbi akilowa usiku kucha, asubuhi haamki. Hilo silifanyii mzaha. Na mawe yale, Pimbi angeita ukoo wake wote, shangazi na wajomba, wasingelisogeza hata moja. Alitaka nyumba yake irudi kabla ya mvua ya kwanza, na mwenye mabavu ya kuirudisha alikuwa mmoja tu, yule yule aliyeibomoa.

Hapa sasa naingia mimi, mniwie radhi.

Mkuu wetu wa ofisini alikuwa amenipa ubao, kopo la rangi na agizo: nenda kaandike PIGA HEMA HAPA, ili wageni waache kupiga mahema kwenye mkondo wa maji. Kazi ya maneno matatu. Nikaanza na HEMA, kwa kuwa ndilo neno lenyewe, nikalitaka likae vizuri. Likakaa vizuri. HAPA nalo likakaa vizuri. PIGA likakosa pa kukaa. Nikasema, aa, mwenye akili ataelewa. Nikakipigilia kibao kwenye mkuyu: HEMA HAPA.

Kumbe, jamani. Ile njia ya kupanda huku si mmeiona? Mgeni anafika juu, mzigo mgongoni, mkono kiunoni, anasoma kwa sauti: "Hema hapa." Anawageukia wenzake: "Haya, tumeamriwa. Tuheme." Wanahema pale, haa-hee, haa-hee, wanacheka mpaka wanakaa chini. Kisha wanaingia kambini, wanapewa chai na maandazi. Kila siku hivyo. Mimi nikawa nawaambia watu, hii kambi yangu wageni wanaipenda, wanafika wanacheka.

Pimbi chini ya kuni alisikia siku ya kwanza. Akasikia siku ya pili. Siku ya tatu akajipangusa uso, akaenda mkuyuni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimekuja kukupa pole. Mtu mzima kama wewe, kula kwa kunyakua na kupigwa mawe, na chakula chenyewe kinatolewa kwa heshima."

Nyani akaacha kujikuna. "Kinatolewa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa. Hujasoma kibao?"

Nyani akakitazama kibao. Hakujua kusoma, lakini mkubwa hasemi hajui. "Nimekisoma. Wewe unakielewaje?"

"Kama wewe. Kinasema hema hapa. Anayehema hapa, anahudumiwa."

Wakati ule ule wageni wanne wakatokea njiani. Wakafika kwenye kibao, haa-hee, haa-hee. Wakaingia kambini. Nani akawapelekea chai na maandazi? Mimi. Nyani aliona kwa macho yake mawili.

Walipopita tu, akasimama chini ya kibao. Haa-hee, haa-hee, haa-hee. Akangoja.

"Nimehema," Nyani akasema. "Chakula kiko wapi?"

"Umehema, Bwana Mkubwa, lakini hukuhema kwa kupanda. Wenzako wanatoka chini mtoni."

Nyani akashuka mtoni, akapanda mbio, kwata kwata kwata. Haa-hee, haa-hee.

"Nimehema. Chakula kiko wapi?"

"Umehema, Bwana Mkubwa, lakini hukuhema na mzigo. Umewahi kuona mgeni anafika hapa mikono mitupu? Hapo mtoni kuna mawe manne, kama yamewekwa kwa ajili yako."

Nyani akashuka mtoni. Akalikumbatia jiwe la kwanza, akapanda nalo. Hatua moja, hee. Hatua mbili, hee. Akafika, akalitupa, puu.

"Nimehema na mzigo. Chakula kiko wapi?"

"Pole sana. Lakini wageni hawatupi mizigo ovyo, wanaipanga. Liweke pale, pembeni, liegemee kushoto. Kushoto zaidi. Hapo. Na mgeni gani anakuja na mzigo mmoja?"

Nyani akalileta la pili. Haa-hee. Akaliegemeza. Akalileta la tatu. Haaa-heee. Akaliegemeza. La nne lilikuwa kubwa kuliko yote, la paa. Alipolifikisha juu, akalipandisha juu ya mengine, puu, akaanguka chini ya kibao ulimi nje, mate yanamtiririka, macho mekundu.

"Ni… me… he… ma," akasema. "Cha… ku…"

"Hapo umehema," Pimbi akasema. "Hapo hata mimi nakupa maksi zote. Sasa tulia hivyo hivyo."

Na mimi huyo nikatokea, na sufuria ya wali wa wageni kichwani.

Niwaambie ukweli. Mtunza kambi hodari angetazama kwanza, angefikiri. Mimi niliona nyani, ulimi nje, mate, macho mekundu, nikajua ni kichaa. Nikaitupa sufuria, nikakimbia, nikajikuta juu ya bati la choo. Mpaka leo sijui nilipandaje. Nimejaribu tena nikiwa na akili timamu, imeshindikana. Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakaniuma na ofisini wakasikia.

Sufuria nayo ikabiringika, ikasimama puani pa Nyani. Wali wa nazi, wa moto. Siku nzima ameuhemea, na sasa uko mbele yake. Akatia mkono, akaweka tonge mdomoni, lakini kwa kule kuhema tonge halikushuka. Haa, linatoka. Hee, linatoka. Pimbi akawaita wanae watatu, wakala wote, wakamwachia ukoko.

Saa kumi jioni likaja gari la wenzangu wa misitu, na juu yake kizimba cha chuma, na ndani ya kizimba mkungu wa ndizi mbivu. Wakakishusha, wakaufungua mlango, wakarudi nyuma.

Nyani akainua kichwa. "Pimbi. Kile ni nini?"

"Bwana Mkubwa, unaniuliza mimi? Kibao umekisoma mwenyewe. Umehema, sasa unapewa hema. Lako peke yako, na huduma ndani."

"Halina zipu," Nyani akasema.

"Hilo la wakubwa. Zipu ni za watu wa kawaida."

Nyani akasimama, akajinyoosha, akaingia kwa miguu yake, akakaa, akavunja ndizi ya kwanza. Kacha! Mlango ukajifunga. Akawatazama wale wenzangu, akasema, "Ahsanteni," akaendelea kula. Wakampakia, vruum, wakampeleka ng'ambo ya pili ya mlima, kwenye matunda tele na majani tele, na hakuna biskuti hata ya dawa.

Mtaniuliza, wewe Sefania uliyajuaje maneno yao? Mtu aliye juu ya choo anasikia mengi.

Jioni ile ile masika yakaanza. Si mvua, ni mto uliosimama wima. Pimbi alikuwa ndani ya mawe yake manne, watoto watatu chini ya tumbo, wakavu, wameshiba wali. Niliwaona vizuri kabisa, kwa sababu nilikuwa bado juu ya bati. Wale wenzangu walimchukua nyani, wakapeana mikono, wakaondoka, hakuna aliyekumbuka kuniambia nishuke. Nililowa mpaka kope. Lakini nilipoona kale kadogo kanapiga chafya moja tu na kulala, moyo wangu ulifurahi, sisemi uongo. Hilo moja.

Na sasa funzo. Watoto sikilizeni, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnageuza kuni.

Funzo ni hili: someni vibao na mvitii. Tangu kambi hii ifunguliwe, aliyewahi kukitii kibao changu kwa moyo wote ni Nyani peke yake, na mmeona alivyotuzwa: nyumba ya chuma, usafiri wa gari, ndizi mkungu mzima. Pimbi hajui kusoma hata herufi moja, na yuko wapi leo? Yuko pale pale alipokuwa, maskini, hajapiga hatua.

Kibao mkuu aliniamuru nikirekebishe. Nilikirekebisha. PIGA nikaliandika kwenye kibao kidogo cha pembeni, na upepo ukakihamisha hadi mlangoni pa jiko langu. Ndiyo maana wageni wakija kuomba chumvi wananitazama kwa wasiwasi.

Unasemaje hapo nyuma, Mama Nakunda? Mkate? Mkate gani?

Mliuacha mezani. Nje ya hema. Mkate mzima? Na siagi?

Sikilizeni, msinitazame hivyo. Hii hadithi nimeisimulia kwenye moto huu labda mara arobaini. Huwa naona watu wametulia, wametoa macho, hakuna anayegeuka nyuma, nasema moyoni, Sefania, mdomo huo umejaliwa. Na kila nikimaliza, mkate haupo. Miaka miwili sasa. Leo ndiyo kwanza najiuliza kwa nini Pimbi hunijia jioni, akakaa juu ya jiwe lake la paa, akanitazama kama anasema, haya, anza.

Tazameni pale mkuyuni. Wanne. Mashavu yamejaa. Yule mama ananipungia mkono.

Hadithi imepita!

– Imepita!

Imebeba nini?

– Mkate wetu!