Kalunguyeye na Shairi la Kumsifu Dubu

"Nitoe ngano, nisitoe?"

"Toa!"

"Ya kweli au ya uongo?"

"Yoyote, mradi tamu!"

Haya. Kule Urusi kwenye theluji, wanyama walimpindua mfalme wao, Tai. Wakashangilia: "Sasa sote ni ndugu! Asali ni ya wote!" Dubu Potapi, aliyekuwa bawabu wa Tai, akajifunga kitambaa chekundu, akawa Mwenyekiti.

"Kweli, asali ni ya wote," akasema. "Nitawatunzia."

Akaitia yote ghalani, akaketi mlangoni, akala. Nyam! Nyam! Wenzake wakalala njaa.

Sasa, Kalunguyeye Yegori alikuwa mshairi, mdogo kama ngumi, miiba mgongo mzima. Akatunga ubeti juu ya tumbo la Dubu. Soko zima likacheka. Dubu akasikia.

"Gruu! Wewe! Nitungie shairi la kunisifu, ama nakumeza na miiba yako!"

Kalunguyeye akatetemeka, miiba ikalia cha-cha-cha. "Sawa, Ndugu Mwenyekiti. Ila sifa zako ni nyingi, na wengine wavivu wa kusikiliza. Toa amri: atakayeondoka, atakayenikatiza, atakayesinzia, ni adui wa mapinduzi. Afungwe!"

"Safi!" Dubu akagonga muhuri, pwa!

Siku ikafika, wanyama wakajaa pale ghalani. Kalunguyeye akaanza:

"Ewe Dubu, unyoya wako huu ni mzuri. Ewe Dubu, na unaofuata ni mzuri. Ewe Dubu, na unaofuata..."

Dubu akatabasamu. Shairi lilipofika manyoya ya shingo, akapiga mwayo. Kuondoka, hathubutu. Kukatiza, hathubutu. "Ewe Dubu, na unaofuata..." Kichwa kikainama. Khorr! Khorr!

Wanyama wakampita wakinyata, wakabeba asali yote.

Dubu akazinduka. Ghala tupu!

"Wezi! Nani kaiba asali yangu?"

"Imetoka wakati wa shairi, Ndugu Mwenyekiti," akasema Kalunguyeye. "Kwani hukuwa macho?"

Dubu akatazama huku, akatazama kule. Walinzi wake, mbwa mwitu wawili, wameshashika pingu.

"Nilikuwa macho!" akasema. "Nimeiona ikitoka! Mimi mwenyewe ndiye niliyeigawa!"

Wote wakapiga makofi, pa! pa! pa!, midomo inanata asali. Dubu naye akapiga, machozi yanamtiririka.

Funzo lake, wanangu: mheshimuni mkubwa, msimcheke, na mshukuruni sana kila anapowagawia chakula.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe.