Kigae Kilichobaki Kitupu

Rangi huulizwa kigaeni. Mmelisikia neno hilo akiambiwa mwenzenu Sijaona, aliyetaka kujipaka krimu mpya uso mzima asubuhi ya kuvishwa pete, nanyi mkacheka mkauliza krimu na kigae vimekutana wapi. Haya, acheni kucheka. Methali hii ilianza hivi.

Tabora, nyuma ya gereji moja karibu na stesheni, palikuwa na karakana ya mama aitwaye Bi Mwavita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majengo madogo ya plastiki: shule ya kuweka mezani, msikiti wa kuenea kwenye sinia, ili wajenzi wawe na kitu cha kuonyesha watu kabla ya kuchimba msingi. Vitu hivyo havikupakwa kwa brashi. Vilipuliziwa rangi ya maji kwa bomba dogo mfano wa kalamu, lenye tundu jembamba kama la sindano. Kwa hiyo rangi ilikuwa lazima izimuliwe kwanza, iwe nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito, bomba linakohoa. Ikizimuliwa kupita kiasi, inatiririka ukutani kama machozi.

Karakana ile ilikuwa na mila yake. Mlangoni vilining'inizwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Rangi yoyote ikishazimuliwa ilipulizwa kwanza kigaeni, kigae kikaachwa kikauke, ndipo mkono uende kwenye kazi yenyewe. Bi Mwavita mwenyewe, na uzee wake wote katika kazi hiyo, hakuwahi kukiruka kigae.

Nyamizi alikuwa fundi wa pale. Baba yake, Mzee Mihambo, alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu, na sasa macho yalikuwa yanamwacha. Jicho la kulia lilikwisha kuzima. La kushoto, daktari alisema, halitafika mbali. Nyamizi akaamua kumtengenezea mfano wa kichwa cha treni alichokiendesha ujanani, akione angali anaona. Akakata bodi ya plastiki, akaunga magurudumu, akaweka hata kidirisha ambacho mzee alikuwa akitolea kiwiko. Ikabaki rangi.

Rangi ile haikuuzwa duka lolote. Vichwa vile vilikwisha kukatwa vikauzwa vyuma chakavu, na waliovipaka wamelala makaburini. Ilikuwa imebaki kichwani mwa mzee tu. Basi akaletwa karakanani, akaketishwa penye mwanga, binti akawa anachanganya mbele yake.

"Hiyo ni nyanya, mama," mzee alisema. "Mimi sikuendesha nyanya."

Nyamizi akadondosha nyeusi.

"Sasa umeniletea maini. Mbichi."

"Baba, ungekuwa mteja ningekufukuza."

"Nifukuze, uone kama utaipata rangi."

Wakaenda hivyo tone kwa tone, mpaka mzee akanyanyua mkono ghafla. "Hapo! Usiiguse tena. Ndiyo yenyewe hiyo."

Kilipatikana kikopo kimoja, nacho hakikujaa.

Zilikuwa siku za masika, hewa imeloa, na rangi iliyozimuliwa kwa maji ilikauka kwa kusuasua. Nyamizi alikuwa akiwaona mafundi wa gereji wakizimua rangi za magari kwa thina, nazo zikikauka mtu hajamaliza kahawa yake. Asubuhi moja baba yake alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Nyamizi aliifuta meza. Alipofika kazini aliomba thina gerejini, akaimimina katika kikopo chote.

Bi Mwavita alimwona akiishika ile treni. "Nyamizi, umeiuliza kigaeni?"

"Rangi yenyewe haitoshi, Bi Mwavita. Kigae kina harusi gani mpaka kipambwe?"

"Hakina harusi, ndiyo maana tunakiuliza chenyewe. Kikiharibika, hakuna anayelia."

"Hii ni rangi ya baba yangu. Siwezi kuimwaga kwenye kipande cha chungu."

"Haya. Mwenye baba ni wewe."

Akapuliza. Bomba likatoa ukungu mwekundu kidogo, likakohoa, likatema vibonge. Nyamizi akadhani ni tundu limeziba, akakaza hewa, likatema zaidi. Alipochungulia kikopo akakuta rangi imekatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, mabonge huku, maji huku. Thina si mwenzake rangi ya maji. Akachukua kitambaa haraka afute bodi, lakini thina ilikwisha kuila plastiki, na kile kidirisha kikafutika pamoja na rangi.

Bodi nyingine aliweza kuitengeneza, na aliitengeneza. Ila ilipokamilika, jicho la kushoto nalo lilikuwa limefunga. Ndipo akaenda kuketi miguuni pa baba yake.

"Baba, ile rangi niliiharibu. Yote."

"Ah, rangi tu," mzee alisema. "Changanya nyingine."

"Nani ataniambia, 'Hapo! Usiiguse tena'?"

Mzee akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Si mna vigae pale mlangoni? Niliviona kwa jicho langu, kila rangi mnaiweka kigaeni. Basi nenda kachukue cha kwangu, uifuatishe."

Nyamizi hakujibu.

"Nyamizi? Umeondoka?"

"Nipo, baba. Cha kwako hakipo."

Mzee hakugomba. Alinyoosha mikono apewe treni yake, akaipapasa magurudumu, akaipapasa kidirisha, akashukuru. Ilikuwa imepakwa wekundu wa kukisia, na ya kwamba ni wekundu gani hakuuliza kamwe, wala binti hakupata ujasiri wa kumwambia.

Bi Mwavita naye hakumsuta mtu. Ila kila aliyeingia kujifunza kazi pale alionyeshwa kwanza kigae kimoja kitupu, kisicho na doa, akaambiwa kwa nini kimetundikwa katikati ya wenzake. Maneno yakatoka karakanani, yakapita gerejini, yakafika sokoni, yakatufikia sisi wenye mabinti. Nyamizi hakuwa mzembe, msije mkadhani hivyo. Alikuwa na haraka ya mapenzi, akalionea uchungu tone moja. Na tone hilo, lau angelitoa, lingekuwa limekauka kigaeni mpaka leo, wekundu uleule wa mzee, likimngoja.

Rangi huulizwa kigaeni.