Mzee Aliyeshuhudia Kwamba Amepona

Wapendwa, kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyesimama mbele ya usharika akashuhudia kwamba Bwana amemponya vidonda vya tumbo. Vigelegele vikapigwa, na mbuzi akachinjwa. Kisha vidonda vikarudi. Mzee akavificha kwa aibu. Hata alipopata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, alijipangusa uso akaenda kuongoza maombi.

Siku mbili baadaye, akipalilia migomba yake, kifua kikambana kana kwamba ng'ombe amemkalia. Akakimbizwa hospitali kubwa. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na daktari, mwanamke kijana, alikuwa tayari kupitisha waya mwembamba kwenye mkono wa mzee hadi moyoni kuuzibua.

"Baba, lazima nikupe dawa ya kuzuia damu isigande. Zipo mbili. Umewahi kutokwa na damu tumboni?"

Mzee akatazama mlangoni. Mkewe alikuwa pale, na nusu ya kwaya nyuma yake.

"Mimi? Mimi niliponywa, binti yangu."

"Sikuulizi imani, Baba, nauliza tumbo. Nikikosea dawa, nitauokoa moyo, na tumbo likumalize."

Mkewe akashindwa kuvumilia. "Baba Anaeli, sema! Unataka tukuzike na ushuhuda wako?"

Mzee akavikumbuka vile vigelegele. Akamkumbuka na yule mbuzi. Wewe ungesemaje, mpendwa, kwaya ikikusikiliza? Akafumba macho.

"Juzi nilipata choo cheusi. Sikumwambia mtu."

"Asante, Baba." Daktari hakucheka. Akairudisha sindano aliyokwisha kuishika, akachukua ya pili, ile ambayo, tumbo likianza kuvuja damu, ukiikatiza huisha mwilini upesi. Waya ukapita. Kwenye kioo cha mashine, mshipa uliokauka kama mto wa kiangazi ukajaa damu hadi ncha zake, na mzee akahisi ng'ombe anainuka kifuani, anaondoka zake!

Aliporudi kanisani akasimama palepale. "Nilishuhudia kwamba nimepona. Leo nashuhudia kwamba nilikuwa mgonjwa, nikasema, nikaishi."

Mnadhani watu walinuna? Vigelegele vya siku ile vilivishinda vile vya siku ya mbuzi!

Na sisi je? Mungu anatuuliza, "Unaumwa wapi?" nasi tunamjibu kwa ushuhuda wa mwaka jana. Tunadhani anataka kutuaibisha. Ndugu zangu, anauliza kwa sababu mkono wake umekwisha kufika kwenye dawa. Mwambie!