Somo Yake Kifaru

Sogeeni karibu, na mwenye kikombe akiweke chini, maana mbele huko mtacheka na chai itawapalia. Ila msicheke mkajisahau. Mwisho nina swali, na mimi mwenyewe limenishinda, mimi ambaye nimeamua ugomvi wa mitaa saba bila kuinuka kitini.

Walikuwapo watu watatu wa Tandika. Wa kwanza Pazi, fundi cherehani, Mzaramo. Bwana yule angeweza kumshonea siafu suruali, tena akaweka na mfuko wa nyuma. Mshono wake ukitaka kuufumua, bora uichome nguo. Ila mdomo! Akikwambia kaona chatu, wewe tafuta mjusi.

Wa pili Mihayo, fundi bati, Mnyamwezi. Debe lililokanyagwa na lori, mpe asubuhi, jioni anakurudishia jiko la mkaa. Na nguvu anazo. Gari likinasa kwenye tope watu hawaiti breki dauni, wanamwita Mihayo, na wanamwomba asiling'oe bampa.

Wa tatu Sikudhani, msusi. Huyu mali yake koo. Akiwika yeye, majogoo ya Tandika yote yanaamka na kuanza kulaumiana nani kachelewa. Akiiga honi ya lori, unajikuta umesharuka mtaro.

Pazi na Mihayo walikuwa watani, kama ilivyo Mzaramo na Mnyamwezi tangu enzi za mababu. Asubuhi hawaamkiani, wanatukanana. "Mtumwa wangu umeamka?" "Nimeamka, namtafuta Mzaramo wa kunibebea maji." Basi siku imeanza vizuri.

Sasa hao watatu ugonjwa wao ulikuwa mmoja: mchezo wa redio wa Kifaru. Kila Alhamisi wanaiweka redio kwenye meza ya cherehani, na hapo hata mteja akija kudai nguo yake anaambiwa nyamaza kwanza. Wezi wamejifungia ndani, mara ardhi inatetemeka, risasi zinagonga ngozi yake ti! ti! ti! hazipenyi, ukuta unaanguka, na mtangazaji anapasua koo: "Kifaru anakujaaa!"

Siku moja redio ikatangaza tamasha la mashabiki, mjini, ukumbini. Kila mtu aje kavaa kama Kifaru. Atakayewashinda wote, jina lake atalitaja Kifaru mwenyewe redioni, nchi nzima isikie. Jina moja.

Watatu wakakubaliana vazi liwe moja, kubwa, la kuingia watu. "Jina la nani litatajwa?" Sikudhani akasema, "Tushinde kwanza." Lakini Pazi alikuwa keshapita mtaa mzima: "Fungueni redio zenu, mtanisikia!" Watu wakacheka. "Wewe Pazi? Chatu wako huyo." Mpaka mama mkwe wake huko Kisarawe alipigiwa simu, akajibu, "Haya baba, tutasikia," kwa sauti ile ya kumjibu mtoto.

"Huyo Kifaru lakini anafananaje?" Mihayo akauliza.

"Mimi nimemwona," Pazi akasema. "Kwenye bango, mjini. Mtutu huu hapa! Minyororo miguuni! Jeshi zima."

Bango hilo hakuliona. Alichowahi kuona ni kifaru cha vita, siku moja, kinapita kwenye gwaride, na tangu siku hiyo akisikia "Kifaru" redioni ndicho hicho hicho kichwani mwake.

"Si yule mnyama wa pembe puani?" Mihayo akasema. "Mbona wanasema Kifaru anakuja? Kingekuwa cha vita si wangesema kinakuja?"

"Lo, Mnyamwezi leo kawa mwalimu! Kina jina hicho, na chombo kikipewa jina kinakuwa mtu. Mnyama gani anaangusha ukuta, na risasi hazimwingii? Nimekwambia nimemwona!"

Mihayo akaenda kutafuta madebe. Mwenzako akisema kaona kwa macho, utabishana naye kwa kipi?

Pazi akashona turubai, tabaka juu ya tabaka, sindano za cherehani zikawa zinavunjika kama njiti. Mihayo akaponda madebe, akatoa mtutu mrefu na mabati ya ubavuni. Sikudhani akafanya mazoezi ya mngurumo mpaka majirani wakadhani barabara ya lami imekuja mtaani.

Siku ikafika. Wakakodi Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakakipakia kifaru chao nyuma, wakaondoka wanaimba. Raha iliyoje! Watu wanapunga mikono, wanapiga picha, trafiki mmoja wa barabarani akasahau kazi akapiga saluti. Wakala mihogo ya kukaanga palepale juu, pilipili inawatoa machozi, Mihayo anasema, "Mzaramo, leo umefanya kazi ya mtu mzima." Pazi akajiona kafika mbinguni na viatu.

Wakafika ukumbini. Mihayo akaingia mbele ya vazi, Pazi nyuma, zipu ikafungwa. Sikudhani akabaki nje, ndiye sauti.

Pazi akachungulia kwenye tundu. Akaona pembe.

Pembe kulia, pembe kushoto. Pembe za mbao, za maboksi, za plastiki. Wazee wana pembe puani, akina mama wana pembe puani, mpaka muuza maji kajifunga karoti. Umati ule ungetupa punje ya mchele isingegusa chini, na mtutu ulikuwa mmoja tu.

Dada mmoja mwenye pembe ya dhahabu akamsogelea Sikudhani. "Samahani dada, nyie ni zimamoto?"

"Sisi ni Kifaru," Sikudhani akasema, sauti yote ile imebaki kama ya mbu.

Yule dada akakiangalia chombo chote, mbele mpaka nyuma. "Jamani! Njooni muone! Hawa wameelewa kifaru cha vita!"

Kicheko hicho, ndugu zangu, paa la ukumbi liliinuka likarudi. Simu zikatoka mifukoni, kila mtu anarekodi.

Ndani mle Pazi alikuwa anatokwa na jasho la kujaza ndoo. Akangoja Mihayo amtukane. Aseme Mzaramo mwongo, Mzaramo mtumwa, lolote. Mihayo kimya. Na mtani akiacha kukutania, ujue hapo hakuna tena utani.

"Mtani," Pazi akanong'ona.

"Uliliona bango?"

"Sikuliona."



Mara zamu yao ikaitwa. Pazi akasema, "Twende nyumbani." Sikudhani akapiga ngumi turubai kutoka nje: "Nyumbani wapi? Nimesimama hapa nachekwa mimi, nyie mmejificha! Tembeeni!"

Wakapanda jukwaani. Katikati ya jukwaa miguu ya Pazi ikamkatalia. Akakaa chini humo humo ndani. Nyuma ya kifaru ikashuka kama kuku anayeatamia. Ukumbi ukalipuka. Pazi akashika zipu, akaifungua kidogo, akatoa mguu mmoja nje. Alitaka kukimbia mpaka Kisarawe.

Hapo Mihayo akafanya lake. Alichukua uzito wote, madebe, turubai na Mzaramo wake ndani, akauweka mgongoni. Mishipa ikamsimama shingoni minene kama kamba za meli. Akavuta. Mguu wa Pazi ukaburutwa, ukarudi ndani wenyewe. Kifaru kikaenda.

Hapo Sikudhani naye akafanya lake. Watu wote wanamtazama usoni, hana turubai la kujifunika. Akafumba macho, akaanza: kri-kri-kri-kri... kimya. Kri-kri-kri... puu! Lori bovu linalogoma asubuhi ya baridi, yule yule! Watu wakacheka, ila sasa kicheko kimegeuka, wanacheka naye. Injini ikawaka, ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Kisha akapaza sauti:

"Kifaru uko wapi? Toka! Jina lako ni lake, jina lake ni lako! Somo yako kaja kukutembelea, unamwacha mlangoni?"

Somo! Mtu mliyepewa jina moja naye, ni nani wa kumfukuza? Ukumbi mzima ukaitikia, "Somo! Somo!" Mchezaji mwenyewe wa redio, mwenye sauti ya Kifaru, jitu la kilo mia tatu, akatoka nyuma ya pazia na pembe lake, akalia, "Somo yangu weee!" akarukia juu ya kifaru kukikumbatia. Wengine wakamfuata, kumi, ishirini, wanapanda, wananing'inia.

Hapo kazi ya Pazi ikajitetea yenyewe. Mabati yaligongana, mtutu ukapinda, lakini turubai lile liliwabeba wote. Hakuna uzi uliokatika. Lingepasuka, watu wangevunjika shingo, na sherehe ingekwisha kwa vilio.

Wakashinda. Wenye pembe wenyewe ndio waliowapigia makofi zaidi. Mtunzi wa mchezo akaja na kipaza sauti. "Alhamisi ijayo somo yake Kifaru anaingia mchezoni. Ila redio haina macho. Tukiwa na Kifaru wawili, wasikilizaji watapotea. Kwa hiyo atachukua jina la mtu mmoja, yule aliyemleta. Nani kamleta?"

Pazi na Mihayo walikuwa wameshatoka ndani ya vazi; watatu wakaangaliana, wamelowa jasho.

"Mihayo," Pazi akasema upesi, macho chini. "Mimi nilikuwa mzigo tu."

"Andika Pazi," Mihayo akasema. "Angesema kweli, leo tungekuja na pembe kama za wote, nani angetuona? Uongo wake ndio umemzaa somo huyu." Na uso wake haukuonyesha kama anampa zawadi au anamchapa.

Sikudhani akaruka. "Uongo upewe jina redioni? Nyie aibu mmeifunika kwa turubai, mimi nimeibeba usoni, na picha zangu ndizo zinazotembea kwenye masimu. Kifaru kilikuja kimekufa, nani kakiwasha?"

"Na nani kakivuta?" sauti moja ikauliza kutoka kwa watu.

"Na nani kakishona?" ikasema nyingine.

Pazi akataka ardhi immeze. Jina lile alilitaka kuliko chakula. Likitajwa, Tandika nzima itasikia, na mama mkwe atasikia, na uongo utakuwa umelipwa. Lisipotajwa, kesho kibarazani ataambiwa chatu wako huyo, na mara hii moja mikono yake ilisema kweli tupu.

"Mtani," akamwambia Mihayo, "nitukane basi."

Mihayo akamtazama. Kisha akauinamia mtutu uliopinda, akaanza kuunyoosha.

Kipaza sauti kiko hewani, mtunzi anasubiri. Haya, mliocheka mkamwaga chai, semeni nyie: aliyeshona na kudanganya, aliyebeba na kununa, au aliyechekwa usoni na kuwasha moto? Ungekuwa wewe umekishika kipaza sauti kile, ungetaja jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini njiani mnarudi?