Kwa Nini Ngata Ilichelewa Kuja

Naileta hadithi!
Ilete, tumeketi!
Inatoka mbali!
Tutaipokea!

Zamani wanyama walibeba maji kichwani, lakini ngata hawakuijua. Nasema ngata, kile kiduara cha nyasi kinachotuliza mzigo kichwani. Mnacheka? Chekeni tu. Ingekuwa wewe, ungeibuni?

Kiangazi kimoja ilibaki chemchemi moja tu, mlimani. Bwana Kiboko, kwa nguvu zake, akatoa amri: "Mtateka, mtaleta bwawani kwangu. Atakayefika na kibuyu kimejaa, maji ni yake na wanawe. Kikipungua hata tone, maji ni yangu."

Kibuyu cha duara, kichwa cha duara. Swala akija, chwa-chwa, pwaa! Kimepungua, mimina. Ngiri akija, chwa-chwa, pwaa! Kimepungua, mimina. Mama Nguchiro, mdogo kuliko wote, akija, chwa-chwa, pwaa! Kimepungua, mimina. Nyumbani wanawe walilamba umande, na kitinda mimba hakuwa na nguvu hata ya kulia. Inaniuma kusimulia, jamani.

Mbona hawakufikiri? Wafikiri saa ngapi? Mwenye kibuyu kichwani anawaza kibuyu. Akikitua, analala fofofo. Na Kiboko, mwenye muda wote, kichwa chake hakijawahi kubeba hata jani.

Siku moja Mama Nguchiro akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Bwana, nilikuota. Umevaa taji!"

Kiboko akatoa masikio majini. "Taji la nini?"

"Sikuliona vizuri. Niliamshwa nikateke."

"Mjinga gani alikuamsha?"

"Ni wewe, Bwana."

"Basi lala! Lala uimalizie!"

Mama Nguchiro akajilaza kivulini. Mawingu yakapita taratibu, moja kama samaki, moja kama bibi anayesinzia. Jicho moja limefumba, jingine nusu. Upepo fuu, fuu, ukaviringisha matunda makavu, yakampita puani, yakaenda zake. Lakini kichakani, kwenye kiota cha kwale, duara la nyasi, mayai yalitulia tu. Upepo fuu, fuu. Mayai kimya. Akayatazama muda mrefu, bila haraka, na moyo wake ukawa mwepesi.

"Nimeimaliza, Bwana! Taji ni duara la nyasi. Na raia wako wote wamevaa madogo, kwa heshima yako."

"Wote?"

"Wote."

"Basi wavae! Leo hii!"

Wakasokota nyasi, wakavaa, wakajitwika. Swala akaja, chwa-chwa, chwa-chwa. Kimejaa! Akaenda nacho kwake. Ngiri akaja, chwa-chwa, chwa-chwa. Kimejaa! Akaenda nacho kwake. Mama Nguchiro akaja, kimejaa, akapita mbio. Kitinda mimba alikunywa, akapumua, akanywa tena. Kisha akalia kwa sauti, na mama yake akafurahi mno.

Bwawani maji yakashuka, yakashuka, yakabaki matope. Kiboko amekaa katikati, taji kichwani, akiwatazama wanavyopita.

"Siku hizi wananiheshimu kweli," akasema. "Ila mbona nina kiu?"

Ngano yangu imefika; kila mtu achukue kipande akalale nacho. Na funzo lake, watoto: kulala mchana ni uvivu, hakujamsaidia mtu yeyote. Haya, amkeni mkateke maji!