Kimya cha Kengele ya Friji

“Kimya cha mwari ridhaa, kimya cha mtambo balaa.” Mmeniambia programu yenu imepita bila kosa, nikawajibu hivyo, sasa mnauliza ni methali ya wahenga gani. Wahenga walikuwa na friji? Methali hii ilianzia hapa hapa ofisini, nami nikiikumbuka nachoka upya.

Palikuwa na fundi wetu wa programu, Shaali, kijana hodari lakini haambiliki. Zahanati ilitupa kazi: friji ya insulini ikipata joto, kengele ilie, muuguzi aihamishe dawa kwenye kasha la barafu. Friji nyingine hazikuwa na kengele, kwa hiyo Shaali alikifunga kipande cha programu cha kuliza kengele kwa sharti. Neno KENGELE likitajwa wakati wa kutafsiri programu kuwa lugha ya mtambo, kipande kiingie. Lisipotajwa, kirukwe kama hakikuandikwa. Kisha mwenyewe akalitaja “Kengele”, kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Kwa lugha ile ya programu hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu. Mtambo haukulalamika. Uliona sharti halikutimia, ukakiruka kipande, ukaendelea na kazi.

Nikamwambia, “Shaali, hebu ipashe friji joto tuisikie kengele.”

“Ya nini, Bi Rukia? Pangekuwa na kosa mtambo ungesema. Umenyamaza, umekubali.”

Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuoa. Mwari alipoulizwa na baba yake kama anaridhia, aliinamisha kichwa kimya, wazee wakasema kimya chake ni ridhaa. Shaali akalishika neno hilo, akawa analitumia hata pasipo pahala pake. Nilimsihi, nikamgombeza, nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kengele, yenye betri yake, ikafungwa zahanati bila kujaribiwa; siku moja umeme ukakatika. Muuguzi, Bi Mwanakombo, alikuwa akimzalisha mama chumba cha pili, ameitegemea kengele. Alipokuja kuifungua friji, saa nyingi baadaye katika joto kali, insulini yote ilikuwa imeharibika. Wagonjwa wa kisukari walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, na wa kwanza wao ni Bibi Mwanate, nyanya wa mkewe Shaali, amelegea kwa kukosa dawa.

Shaali alipofika, Bi Mwanakombo alimwuliza, “Kengele yako mbona haikulia?”

“Mtambo haukunipa kosa lolote,” akasema. “Ulinyamaza, nikajua umekubali.”

“Mwari hunyamaza baada ya kuulizwa. Huu wewe uliuuliza?”

“Hapana,” Shaali akakiri. Hakuwahi hata kuufungua mlango wa friji ile.

“Mwacheni aende mjini akatuletee dawa,” akasema Bibi Mwanate kwa sauti ndogo. “Na wewe mume wa mjukuu wangu, ukumbuke njiani: kimya cha mwari ridhaa, kimya cha mtambo balaa.”

Insulini ilifika jioni, na bibi alipata nafuu, lakini alilazwa kwanza. Sasa nanyi, programu yenu imepita bila kosa. Mmeijaribu?

Mbona mmenyamaza? Haya, inukeni mkaiulize. Kimya cha mwari ridhaa, kimya cha mtambo balaa.