Kichupa Kilichoangaliwa Mno

Wapendwa, asubuhi hii nimewatungia mwanamke mmoja. Msimtafute mtaani, hayupo. Lakini mkimsikiliza hadi mwisho, huenda mkasema mnamfahamu.

Mwanamke huyu alikuwa mtaalamu wa vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana kilichomo ndani ya kila chenye uhai, na kazi yake ni kuvunja vitu au kuviunga. Tafuna ugali bila mboga, usiumeze haraka. Baada ya muda utaanza kuhisi utamu. Hicho ni kimeng'enya cha mate yako kikifanya kazi.

Alipokuwa darasa la sita, jirani zao walikula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Watoto watatu wa nyumba moja walizikwa katika juma moja. Yeye alisoma kwa sababu hiyo. Akamaliza chuo kikuu, akaenda ng'ambo, akarudi kufundisha, na kwa miaka ishirini na miwili akatafuta kimeng'enya kinachoweza kuivunja sumu ile. Hatimaye alikipata ndani ya uyoga mdogo unaoota kwenye magunzi yaliyooza, tena mwanzoni mwa masika tu. Ndoo kumi na nne za uyoga zilimpa kichupa kimoja, urefu wa kidole gumba. Kilitosha, maana kimeng'enya hurudia kazi yake mara maelfu bila kuisha.

Mwaka huohuo mavuno ya kijiji chao yakakutwa na sumukuvu. Magunia mia nne yalikuwa ghalani, na wilaya ikataka yateketezwe. Akaomba wasubiri. Wakamjibu kwamba kamati itakaa baada ya wiki sita; siku hiyo aonyeshe mbele ya watu kuwa dawa yake inafanya kazi. Ikifanya kazi, mahindi yatasafishwa na kuliwa. Isipofanya, moto.

Basi kazi yake ikabaki moja: kichupa kile kisiharibike kwa wiki sita. Akakiweka kwenye friza ya maabara, akafunga.

Asubuhi ya kwanza hakutulia. Je, mlango ulifungwa sawasawa? Je, umeme haukukatika? Akakitoa kichupa, akakiacha kiyeyuke kidogo, akachukua tone moja, akalidondosha kwenye maji ya mahindi yenye sumu, kisha akawasha taa ya zambarau. Chini ya taa hiyo sumukuvu hung'aa buluu. Akahesabu. Baada ya dakika nne buluu ikazimika. Akamshukuru Mungu, akakirudisha kichupa kwenye baridi.

Kesho yake akaangalia tena: dakika nne. Siku ya nane, dakika tano. Akasema friza inakufa, ikaletwa nyingine. Siku ya kumi na tatu, dakika saba. Akasema ni umeme, akaazima jenereta. Akaweka kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na kuanzia hapo akawa anaangalia asubuhi na jioni. Chakula kilikuwa kinapoa mbele yake. Mtu akipita karibu na friza, yeye alisimama mpaka mtu huyo apite.

Fundi sanifu wake, mzee aliyekaribia kustaafu, alikuwa amemshauri mapema wakigawe katika vichupa ishirini vidogo zaidi, kila kimoja kitolewe mara moja tu, vingine vibaki vimeganda. Ndivyo maabara zinavyofanya. Ndivyo yeye mwenyewe alivyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Mzee wangu, nikikigawa mara ishirini, nitaviangaliaje vyote?"

"Hutaviangalia, Daktari. Hiyo ndiyo faida yake."

"Na kimoja kikiharibika?"

"Kitakuwa kimeharibika kimoja. Hata mgonjwa wa wodini, Daktari, huachwa apate usingizi."

Hakucheka. Alisema yeye anakiyeyusha ukingoni tu, tone moja, haina neno. Mzee akarudi kwenye kazi yake, maabara haikuwa yake.

Siku ya kamati ikafika. Watu wakaingia ghalani, madirisha yakazibwa kwa turubai, tone likadondoshwa kwenye kibakuli cha maji ya mahindi yale, taa ikawashwa. Dakika nne zikapita. Kumi. Ishirini. Buluu ikaendelea kung'aa. Shangazi yake, aliyekuwa ameinama na wenzake juu ya kile kibakuli, akauliza kwa upole, "Mwanangu, tuendelee kuinama au tukanyooshe migongo kwanza?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Saa nzima ikaisha, na buluu ilikuwa ileile.

Akamvuta mzee pembeni.

"Nani alifungua friza?"

"Wewe."

"Nauliza mwingine nani."

"Hakuna mwingine, Daktari. Ufunguo unao shingoni." Akamfungulia daftari la vipimo. "Umeme haukukatika hata siku moja. Friza ya kwanza ilikuwa nzima. Kichupa kimeyeyushwa na kugandishwa mara sitini na tisa. Kila mara kilikufa kidogo. Ulipoona kimekufa kidogo, uliogopa, ukakitoa tena."

Mahindi yaliteketezwa Jumamosi. Moshi ulinukia mahindi ya kuchoma, na watu walisimama wakiunusa wakiwa na njaa.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: nani alikiua kile kimeng'enya? Ni uzembe? Hapana, hakuna aliyekijali kuliko yeye. Ni ujinga? Alijua kuliko wote waliokuwa ghalani. Aliyekiua ni yule aliyekuwa akihakikisha kwamba bado ni kizima.

Na sisi je? Tunamkabidhi Mungu mtoto aliye mbali, tunasema amina, na kabla hatujafika kwenye ile ngazi pale nje tumeshamtoa mikononi mwake tumwangalie. Tunampigia simu mara tatu kwa siku. Anaacha kupokea. Tunaogopa zaidi, tunapiga mara sita. Wapo wanaomuuliza mwenzi wao kila jioni kama bado anawapenda, mpaka jibu linachoka. Tunaita jambo hili upendo. Tunaita uangalifu. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwamini Mungu kwa siku mbili mfululizo bila kufungua mlango achungulie?

Sisemi hivi kama mtu aliyeshinda. Mke wangu alipougua, niliandika kila kitu: joto la mwili, mapigo ya moyo, maji aliyokunywa. Nilikuwa sahihi sana. Alasiri moja, nikiwa nimemshika kifundo cha mkono, aliniambia, "Baba Tumsifu, iweke hiyo saa chini, ukae. Nina neno." Nikamjibu, "Nimalize dakika hii kwanza." Nikaimaliza. Yalikuwa mapigo themanini na manane. Nilipoinua macho alikuwa ameshalala, na hakuamka tena hata akaweza kusema. Ile namba ninayo. Lile neno sinalo.

Wapendwa, mkirudi nyumbani leo, kila mmoja wenu ana mtu anayemhofia. Mkabidhini kwa Mungu mara moja, mkono uachie. Kisha vuteni kiti, mkae naye.